Siku Elia Aliposhangiliwa Akiwa Nyumbani

Kuna dawa ya kuchua misuli inayouzwa kwenye vikopo vidogo vya bati, ya kijani, yenye harufu kali inayopanda puani na kushuka mpaka kooni. Hivi karibuni, kwenye duka la dawa hapa Tunduma, mzee aliyekuwa mbele yangu alikifungua kikopo kama hicho akakinusa kabla ya kununua, na mimi nikajikuta nimesimama tena mlangoni mwa chumba cha uani nyumbani kwetu Ruanda, kule Mbozi, nikimtazama Elia akijichua mapaja baada ya mazoezi.

Elia alikuwa mwanachuo. Chuo cha ualimu kilikuwa upande wa pili wa barabara, na kwa kuwa mabweni hayakutosha, baadhi ya wanachuo walipanga vyumba kwenye nyumba za watu. Yeye alipanga kwetu. Alitoka milimani Ileje, Mndali mrefu na mpole, anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Alikuwa mtoto pekee wa mama mjane aliyejulikana kanisani kwao kwa kusali sana na kutosema uongo hata kwa mbwa. Hilo alitusimulia mwenyewe akicheka. Haukupita muda mrefu nikawa namwita kaka, na mama yangu akawa anamgombeza kwa viatu vyenye matope kama anavyotugombeza sisi.

Nitakueleza habari ya timu, maana bila hiyo huwezi kuelewa watu wazima walivyokuwa siku zile. Timu kubwa za Dar es Salaam tulizitazama kwenye banda la video, na kwa hizo watu waligawanyika hata ndani ya nyumba moja. Timu ya chuo ilikuwa yetu sote. Wauza nyanya waliifuata, wazee wa kanisa waliifuata, wakulima waliacha kahawa juani bila kuigeuza kwa ajili yake. Baba yangu, ambaye alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyeshona namba kwenye jezi, na ndiye aliyeongoza nyimbo uwanjani akiwa na filimbi shingoni. Mama alikuwa akisema kwamba baba anaweza kusahau siku ya ubatizo wa mtoto, lakini siku ya mechi hasahau hata akiwa na homa.

Elia alichezea timu hiyo pembeni, kushoto. Sitamsifia zaidi ya inavyostahili. Alikuwa na pumzi nyingi kuliko kipaji. Alikimbia tangu mwanzo mpaka mwisho, akarudi nyumbani na kikopo chake cha dawa, na kesho yake alikuwa wa kwanza mazoezini.

Kila mwaka vyuo vya mkoa vilishindania kombe, na kila mwaka chuo kimoja cha Tunduma kilitufunga. Hatimaye mwalimu wa michezo, Mwalimu Sichone, aliona imetosha. Akavuka mpaka, akaenda Nakonde, akarudi na kijana wa Kizambia anayeitwa Chanda. Wachezaji wa namna hiyo huitwa mamluki. Chanda hakuwa mwanachuo wa chuo chochote, ila mguu wake wa kushoto ulikuwa kitu kingine kabisa. Tatizo lilikuwa kitambulisho. Mashindano yalikuwa ya wanachuo, kwa hiyo ilibidi Chanda apate jina la mwanachuo, na mwenye umbo la kufanana naye alikuwa Elia. Picha ya kitambulisho cha Elia ilikuwa imefifia kiasi kwamba ingeweza kuwa ya mtu yeyote mrefu.

Nilikuwa nawaandalia chai barazani siku Mwalimu Sichone alipokuja kuliomba jina hilo. Hakuficha. Alieleza kwa utaratibu, kama anayefundisha hesabu. Baba alikuwa amekaa kando yake, na ni yeye aliyemaliza maneno.

"Elia mwanangu," alisema, "jina ni kama jezi. Unamwazima mwenzako anacheza, jioni anakurudishia."

Elia alikizungusha kikombe mkononi. Kisha akauliza, "Na mimi nitakuwa nani, mwalimu?"

"Wewe utakuwa mgonjwa."

Walicheka wote, na Elia naye alicheka kwa mabega. Alikubali. Sidhani kama palikuwa na namna ya kukataa, kijana kama yeye, mbele ya mwalimu wake na mwenye nyumba wake.

Basi Chanda akaanza kucheza kama Elia, na mambo yakawa matamu. Mechi za ugenini tulizipata kwa kuwasikiliza waliorudi, maana kila mmoja alirudi akiigiza magoli kwa miguu. Redio ya mkoa ilitangaza matokeo, na jina la Elia likatajwa na kutajwa tena. Ruanda nzima ilijua siri ile na kuifunga midomoni, na sokoni wauzaji walimwongezea Chanda maparachichi. Nilikuwa nimemwona kwa karibu alipokuja kupimwa jezi kwa baba, kijana mcheshi ambaye Kiswahili chake kilichanganyika na Kibemba, na nilikuwa nimegundua jambo moja. Ukimwita "Elia" hageuki mara moja. Kwanza anatulia kidogo, halafu ndipo anakumbuka kuwa ni yeye.

Fainali ilichezwa nyumbani, dhidi ya wale wale wa Tunduma, ambao walikuja na malori yaliyojaa watu. Elia aliambiwa asitoke nje ya ua wetu. Mimi nilikuwa na tetekuwanga na mama alinikataza kwenda, nikalia mpaka nikachoka. Kwa hiyo mchana ule Ruanda nzima ilikuwa uwanjani, na sisi wawili, mgonjwa wa kweli na mgonjwa wa kuambiwa, tulikaa nyuma ya jiko tukipukuchua mahindi.

Uwanja haukuwa mbali, na upepo ulitoka upande ule. Tulijifunza kuusikiliza. Kelele fupi ilikuwa mpira umetoka. Kelele inayokua halafu ikakatika ilikuwa kipa amedaka. Kisha tukasikia kelele za mbali, za watu wachache, na upande wetu kimya, Elia akasema, "Tumefungwa." Punje ziliendelea kudondoka kwenye ungo. Harufu ya magunzi makavu ilinikereketa pua, na vipele viliniwasha.

Goli letu lilikuja baadaye sana. Kwanza ilivuma kama mvua inayokuja juu ya mabati, halafu ikapasuka, halafu ikajipanga ikawa wimbo, na filimbi ya baba ikiwa katikati: E-lia, E-lia, E-lia. Niliruka, nikamshika mabega nikamtikisa.

"Kaka Elia, umefunga," nilimwambia.

Nilisema hivyo kwa furaha tupu, bila kejeli, kama mtoto anayeamini anachokisikia. Elia alitabasamu. Alichukua hindi jingine akaliweka mkononi, lakini hakulipukuchua. Alilishika hivyo hivyo mpaka wimbo ulipokwisha. Baadaye kidogo ukapasuka tena, kwa goli la pili, na safari hii hakutabasamu.

Tulishinda. Tulijua kwa sababu kelele hazikukoma, zilihama tu, zikaanza kupanda barabara. Kabla hazijafika, baba aliingia uani akikimbia, filimbi inamruka kifuani, uso umemsawijika.

"Elia, ingia ndani," alisema akihema. "Mama yako amekuja."

Ilikuwa hivi, kama tulivyokuja kuelewa. Yule mama alikuwa amelisikia jina la mwanawe redioni kule Ileje. Hakujua mpira, ila alijua jina alilompa mtoto. Akafunga safari bila kumwambia mtu, akaja na kuku wawili, ndizi na kitenge chake cha kanisani. Basi lilichelewa, akafika watu wanatoka uwanjani, akauliza wa kwanza aliyemwona: mimi ni mama yake Elia, nimpate wapi? Vijana wa vijiji vya jirani, wasiojua siri, walimbeba nusura wamwangushe. Wakampeleka moja kwa moja kwa kijana aliyekuwa juu ya mabega ya wenzake akiwa na kombe. Chanda akashushwa. Aliposikia mama huyo ni nani, alipiga magoti vumbini, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimia kwao, akasema, "Mayo," yaani mama kwa Kibemba. Mama yule aliuliza tena, kwa upole, mwanangu anaishi wapi, na wale vijana wakadhani ni furaha iliyomchanganya. Wakaelekezwa alikopanga Elia, wakaanza kumleta kwetu.

Ua ukajaa. Elia alikuwa ameingia chumbani kwake na baba akasimama mbele ya ule mlango, amefungua mikono kidogo kama kipa. Nami nilikuwa nimebanwa ukutani na vipele vyangu, hakuna aliyekumbuka kuniambia niingie. Yule mama alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyotarajia. Kuku walikuwa bado kwapani kwake, wametulia.

Miongoni mwa waliofuata umati alikuwepo mwalimu wa timu ya Tunduma. Alikuwa ameona ule mkutano wa barabarani, na hakuwa mjinga. Alisogea mbele, akamsalimia yule mama shikamoo kwa heshima zote, kisha akamwonyesha Chanda.

"Mama, naomba unisaidie. Huyu ndiye mwanao?"

Nyimbo zilikatika. Mwalimu Sichone alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Elia alimtazama Chanda, kisha akawatazama watu waliokuwa wakimtazama yeye, mmoja mmoja, wauza nyanya, wazee wa kanisa, baba yangu. Nadhani aliona kwenye nyuso zetu jibu tulilolitaka. Alivuta pumzi, akafungua mdomo.

Hakuwahi kujibu. Baba alisukumwa pembeni kutoka nyuma, na Elia akatoka na kaptula yake ya nyumbani, vumbi la mahindi limemjaa mikononi. Alimsalimia mama yake kwa Kindali, akampokea kuku. Kisha akamgeukia yule mwalimu.

"Elia ni mimi," alisema.

Kombe lilikwenda Tunduma jioni ile ile kwenye lori. Timu ilifungiwa, Mwalimu Sichone akahamishwa, na Elia akasimamishwa masomo kwa muhula mzima. Mwaka uliofuata wale wa Tunduma nao walikamatwa wakiwa na mamluki wao, madereva wawili wa malori, lakini hiyo haikutufariji kama tulivyotarajia. Ruanda ilimkasirikia Elia kwa namna ya ajabu kidogo. Hakuna aliyesema amefanya vibaya. Walisema tu angeweza kukaa ndani. Kwenye mashine ya kusaga, mtu akiulizwa zamu ni ya nani, alijibu "Elia ni mimi," na watu wakacheka, naye Elia akiwa kwenye foleni.

Kuna waliomtaka baba amfukuze. Baba aliwajibu kwamba chumba kile ni chake, si cha chuo. Hakuwahi kuniambia kama alijutia lile neno la jezi. Filimbi hakuivaa tena.

Mimi nilikuwa upande wa waliokasirika. Niliona kaka yangu ametunyang'anya kitu tulichokwisha kukishika. Nilipokua nikamwona vingine. Niliamini alitoka kwa sababu ya ukweli wa mchezo, nikamfanya shujaa. Hilo nalo lilikuwa si sahihi. Siku moja, akiwa tayari ni mwalimu kwao Ileje, nilimuuliza, akasema hakuwa amefikiria mpira hata kidogo. "Nilimwona mama kupitia ufa wa mlango," alisema. "Alikuwa anakwenda kusema ndiyo."

Nilidhani habari inaishia hapo, kwa Elia na mama yake. Lakini miaka michache iliyopita, nilipohamia Tunduma kwa kazi, pikipiki yangu iliharibika karibu na mpaka, na fundi aliyeiinamia alikuwa Chanda. Amenenepa, Kiswahili chake kimenyooka. Nilijitambulisha, akanikumbuka kwa vile vipele. Tuliongea juu ya kuku waliochinjwa siku ile, maana mama Elia alikuwa amekataa Chanda aondoke bila kula, akisema naye ana mama yake.

"Mama yangu alikuwa hapo Nakonde tu," Chanda aliniambia, akichomekea lile neno lao la heshima, mukwai. "Redio yenu inasikika mpaka kwetu, mukwai. Siku ya nusu fainali tulikuwa tumekaa naye, wakatangaza goli langu. Akasema, huyo Elia ni hodari. Nikamwambia ndiyo, ni hodari."

Mama yake alifariki bila kujua. Chanda aliuliza angemwambia nini, na hata kama angemwambia, magoli yale yalikuwa yamefutwa.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimehesabu aliyepoteza kuwa mmoja, yule aliyechukuliwa jina. Sikuwahi kumfikiria aliyepewa. Wote wawili walikimbia kwa ajili yetu, tukaimba mpaka sauti zikakauka, na hakuna hata mmoja wao ambaye mama yake alipata kumshangilia. Sisi ndio tuliokuwa na furaha. Walioileta hawakupata hata kipande.

Nikamwambia Chanda kwamba siku ya fainali nilikuwa nyuma ya jiko, sikuliona lile goli la kusawazisha, na nikamwomba anisimulie lilivyokuwa. Alinitazama aone kama namtania. Kisha akaiweka spana chini, akajifuta mikono, akanionyesha kwa kidole, pale pale kwenye vumbi mbele yetu, mahali ambapo beki alikuwa amesimama.