Ndoo ya Machicha

Mume wangu alipofariki, alinibakishia kihamba cha migomba na kahawa huku Kibosho, kuku tisa, na mbwa wake wa rangi ya majivu. Watoto hatukujaliwa. Ng'ombe wetu wa pekee alichinjwa kwenye matanga. Watu walipotawanyika, niligundua kwamba siku nzima ingeweza kupita bila mimi kutamka neno, isipokuwa kumfukuza mbwa jikoni.

Mgeni wangu wa uhakika alikuwa mmoja, mama jirani wa ng'ambo ya mfereji, aliyekuwa akipika mbege, pombe ya ndizi, ya kuuza. Kila Ijumaa, akishachuja ndizi zake, aliniletea ndoo ya machicha. Zamani yalikuwa ya ng'ombe. Ng'ombe alipoondoka, yeye hakuacha kuleta, nami sikutaka aache. Nikawa nawamwagia kuku.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Kumbe bado upo? Nilidhani nitamkuta mbwa anasonga ugali peke yake."

Alikaa kwenye kigoda kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akanipa habari za watu, kisha akachukua ndoo yake tupu na kwenda.

Mwezi wa tatu mbwa aliua kuku. Wiki iliyofuata aliua wa pili, na wiki nyingine wa tatu. Nilizungushia banda miiba, lakini kuku hushinda nje wakichakura migombani, kwa hiyo miiba ililinda banda tupu. Watu walinishauri nimfunge mbwa kuku aliyekufa shingoni ili akome. Alitembea naye kutwa nzima, kichwa chini. Baada ya siku saba aliua wa nne.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alipita kuangalia kahawa akayakuta manyoya.

"Shemeji, huyu hafai tena. Jumapili nikitoka misa nakuja na kamba."

"Ni mbwa wa kaka yako."

"Kaka angekuwa ameshamnyonga. Wewe unamlea kama mkwe."

Mbwa yule ndiye aliyekuwa akinyanyua masikio nilipoingia nyumbani.

Nilikuwa na daftari la darasa la watu wazima, nililojifunzia kusoma nikiwa nimeshapita miaka thelathini. Humo niliandika siku ambazo kuku walianza kuatamia, na sasa niliandika pia siku walizokufa. Nilipozitazama zimepangana, zote nne zilikuwa Ijumaa. Sikuifikiria ndoo. Nilidhani labda siku hiyo nachelewa kumlisha mbwa. Basi Ijumaa ile nilimpa ugali wa kutosha mapema, nikamfunga kwenye mti wa kahawa, nikamsubiri jirani. Alikuja, akanywa chai, akaenda. Niliwamwagia kuku machicha, nikakaa mlangoni kutazama.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha tembe mwekundu akaanza kupepesuka. Alikwenda upande, akaanguka, akawa anapigapiga mabawa chini bila kuinuka. Mbwa, ambaye asubuhi kuku haohao walikuwa wakimruka mgongoni, alisimama akitetemeka mwili mzima na kuivuta kamba. Kwake yule hakuwa tena kuku wa nyumbani. Alikuwa kitu kilichojeruhiwa.

Nilibakiza machicha kidogo kwenye sufuria. Jumapili shemeji alipofika na kamba yake, nilimwomba akae kwanza. Nilimwaga machicha mbele yake, mbwa nimemfunga palepale. Haukupita muda, jogoo akajaribu kuwika, sauti ikakatikia katikati, akaketi chini.

Shemeji alicheka mpaka akavua kofia. "Kumbe mlevi ni jogoo. Tumnyonge yeye?"

"Mnyonge, tule."

"Hapana, shemeji. Wewe mwambie tu yule mama asilete tena."

Akaondoka na kamba.

Ilikuwa sentensi moja tu, nami niliipanga wiki nzima. Ijumaa mama alipofika alitua ndoo, akafuta jasho, akavuta kigoda.

"Kuku wanayaonaje?"

"Wanayapenda sana, mama."

"Nilijua. Wiki ijayo nitajaza."

Alipovuka mfereji, nilichukua jembe, nikachimba shimo kwenye shina la mgomba, nikayafukia machicha na kupanga mawe juu. Kuku walikuja kuangalia, wakaondoka. Mbwa alilala pale palipokuwa na kigoda, nao wakapita juu ya miguu yake.

Nilifanya hivyo kila Ijumaa. Baada ya miaka miwili mgomba ule ulizaa mkungu mkubwa hadi ukahitaji mihimili miwili. Mama aliutazama akiwa na kikombe mkononi.

"Huu unaupa nini?"

"Samadi."

"Ya ng'ombe yupi?"

Nilimwongezea chai, naye akayatazama mawe yaliyopangwa shinani. Ijumaa iliyofuata alikuja na ndoo kama kawaida, ila ilikuwa nusu. Akavuta kigoda, akakaa.