Posa ya Vikeki vya Mvuke

Kaka yangu Muhiddin anaendesha basi Stratford, London, mwaka wa kumi na ngapi sijui, na hajagonga hata kioo. Lakini mpe unga uone balaa. Si kwamba hajui kupika. Anajua mno, ndiyo tabu yake. Tangu mkewe afariki, mkate wa kumimina anaupika mwenyewe kila Ijumaa, na lazima uso wake uwe laini, umetulia. Ukipasuka kidogo tu, anaula peke yake jikoni, wageni wasiuone. Ndivyo mama alivyotulea Unguja: mkate wenye ufa ni aibu ya nyumba. Na yeye mwenyewe yuko hivyo hivyo. Hata siku ya msiba wa mkewe, machozi aliyapeleka chooni.

Basi mzee mzima akapenda. Salmah, muuguzi, Mmalaysia, mjane mwenziwe, hupanda basi lake alfajiri akitoka kazini. Kaka akaanza kwenda kazini ananukia udi. Nikamwuliza, "Abiria hawajalalamika bado?" Akaninunia mpaka usiku.

Salmah alimwambia wazi: bila radhi ya mama yake, ndoa hakuna. Na huyo mama, Mchina aliyesilimu akaolewa na Mmalay, alikuwa Wembley kwa binti yake huyo, Jumapili anarudi kwao. Akatoa sharti moja tu. Mchumba alete vikeki vya kwao vya unga wa mchele, vile vya kupikwa kwa mvuke, na avipike kwa mkono wake.

Salmah akamfundisha kwa simu. Unga, sukari, hamira, vikombe vidogo. Maji yachemke kwelikweli, moto mkali, na kifuniko asikifunue. Asikifunue! Kaka yangu, asiyeweza kupita sufuria bila kuichungulia! Ilibidi nisimame mbele ya jiko na mwiko mkononi kama askari.

Tulipofunua, vyote vimepasuka juu, vimeachama kama vinatucheka. Kaka akashika kichwa.

"Lahaula! Nimekwisha!"

"Onja kwanza, kaka."

"Nionje nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimpelekee mama mkwe vitu vimeachama hivi?"

Akaanza upya, safari hii kwa moto mdogo, ujanja wake wa mkate wa kumimina. Haya, vikatoka laini, havina hata mkunjo. Akavipanga kwenye sahani ya maua, akavizunguka kama bwana harusi. Vile vya kwanza alitaka kuvitupa. Mie kutupa chakula siwezi. Nikavitia kwenye mkebe, mkebe kwenye mkoba. Wembley ni mbali na njaa haina adabu.

Tulipofika, kaka akambusu yule bibi, mama yake Salmah, mkono, akafunua sahani, akakaa na kanzu yake iliyopigwa pasi mpaka inakata. Bibi akainua kikeki kimoja, akakizungusha mbele ya miwani, akakirudisha polepole. Akasema maneno mawili matatu kwa Kimalay. Salmah akainamisha macho.

"Kasemaje?" kaka akanong'ona.

"Kwetu lazima vipasuke," Salmah akasema. "Vikipasuka ndiyo baraka imefunguka. Nilidhani kila mtu anajua. Vikifumba hivi, mama anaona ndoa hii haina baraka."

Nikamtazama ndugu yangu. Ile mikono ya usukani ilikuwa inanyoosha kanzu isiyo na mkunjo. Jamani, nilimwonea huruma. Nimechoka kumwona akila peke yake. Nikapapasa mkoba.

"Mama, samahani," nikasema. "Hivi ndivyo alivyopika kwanza. Vilipasuka, akaona haya, akavificha. Viwili nimeshavila kwenye treni, Mungu anisamehe."

Salmah akatafsiri haraka haraka. Bibi akavuta mkebe, akaviona vilivyoachama, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akamega kimoja, akatafuna taratibu, kisha akamwuliza kaka kwa nini alivificha.

"Kwetu ufa ni aibu, mama," kaka akasema, kichwa chini. "Nilitaka uone mazuri tu. Nimeogopa. Nampenda Salmah, na nikirudi nyumbani leo bila yeye, sijui nitarudi kufanya nini."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akisema neno kama hilo. Machozi yakamtoka palepale, mbele za watu, yakashuka mpaka kwenye kanzu, yeye na kicheko cha aibu juu yake. Nikatoa leso upesi nimfute, kabla wakwe hawajamwona vizuri.

Bibi akanishika mkono, akanizuia.

"Mwache," Salmah akatafsiri, naye analia. "Mama anasema, sasa kikeki kimepasuka."