Mwanangu Hakurogwa

Mwanangu alikufa kwa homa. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, ila sikumwambia mtu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyeamua mtoto asipelekwe hospitali ya Msambweni kwanza, aoshwe majani na afukizwe, eti homa ile haikuwa ya sindano. Mume wangu hamkatalii kaka yake kitu. Tulipofika hospitali, mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Matanga hayajaanuliwa, maneno yakaanza. Nani kamla mtoto? Wakamtaja shangazi wa mume wangu, bi kizee anayeishi peke yake nyuma ya minazi yetu, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni. Tangu lini moshi ukawa ushahidi? Lakini huku kwetu wazee wameshachomewa nyumba kwa macho kama hayo.

Shemeji akaleta mganga kutoka Kinango, ukoo mzima ule kiapo cha papai. Papai hukatwa, likatiwa dawa, kila mtu akatafuna kipande. Asiye na hatia humeza salama, mchawi huvimba mdomo. Anayekataa kula amejihukumu mwenyewe.

Tulikaa uani. Wote walikuwa wakiningoja mimi mfiwa niseme neno la kuanzisha. Nikamwona yule bibi, nikapandwa na hasira. Hasira hasa, wala si huruma.

"Mimi siamini uchawi," nikasema. "Sijapata kuuamini. Mwanangu hakurogwa. Aliugua, akacheleweshwa, akafa."

Mume wangu akainamisha kichwa. Shemeji akasema taratibu, kwa adabu zake zote, "Shemeji, msiba umekuzidi. Kaa kitako."

Sikukaa. Nikawaambia papai lao sili, na shangazi naye asiliguse.

"Mungu akulipe, mwanangu," shangazi akaniambia. "Lakini wewe una kwenu pa kurudi. Mimi nikikataa, nitalala wapi?"

Akachukua kipande, akatafuna, akameza. Tukamtazama mdomo. Haukuvimba. Wakala na wengine, mmoja mmoja, na hakuna aliyevimba.

"Basi amebaki mmoja," shemeji akasema.

Mume wangu akaniletea kipande mkononi, macho yamemjaa machozi. "Kula, mke wangu. Nakuomba. Tuishi."

Wallahi nilitamani kula. Nilikuwa nampenda, na nyumba yangu ilikuwa pale pale. Lakini ningekula, ningekuwa nimekubali kwamba kuna mtu aliyemuua mwanangu kwa uchawi, na kwamba wao hawakumchelewesha. Nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya watu wote, na sikula.

Sasa niko Jego kwa mama yangu. Kule nilikoolewa wanasema nilimla mwanangu mwenyewe. Mume wangu hakunisindikiza hata mlangoni. Hilo linaniuma mpaka leo, sifichi.

Juzi shangazi alinipigia simu. Anasema siku hizi wanamwamkia vizuri, hata maji wanamtekea. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikamwomba anipalilie kaburi la mwanangu, maana mimi nimekatazwa kukanyaga pale.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Naogopa nisije nikaonekana kaburini."