Kanga Niliyompelekea Kabula Uwanjani

Nakumbuka siku moja kule Kigali, mwanangu, nilivyoingia katikati ya uwanja wa tenisi na kanga mkononi, napiga vigelegele, na watu wazima wote wamekaa kimya kama wako kwenye ibada. Usicheke kwanza. Kuna mahali pa kucheka na kuna mahali pa kunyamaza, na mimi nilipachanganya.

Kabula ni binti wa mwanangu Masanja. Namwita mke mwenzangu, maana marehemu babu yake alimdekeza kuliko mimi niliyempikia miaka yote. Tenisi aliijulia Ngara alipokuwa bweni. Karibu na shule yao kuna uwanja wa saruji waliouacha Wazungu wa misaada, wale waliokuja wakati wakimbizi wa Rwanda wamejaa kambi ya Benaco. Laurenti, Mhangaza mmoja, alikuwa mpishi wao. Jioni walikuwa wanamwita acheze wakipungukiwa mtu, akajua mchezo. Walipoondoka wakamwachia raketi mbili na wavu uliotoboka, naye akaanza kufundisha wanafunzi. Kabula kwa ulimi wake ni Kabura, na ukimsikia utadhani anafukuza ng'ombe kwenye mahindi: "Kabura! Miguu, Kabura! Mpira haukufuati, ufuate wewe!"

Kabula alipomaliza shule akasema anataka tenisi iwe kazi yake. Masanja si mtu mkali. Alimpa mwaka mzima. Mtoto akaenda Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, kila mahali anatolewa mapema, anarudi hapa Nyakanazi na malengelenge mikononi kama aliyelima ekari tatu. Maana kazi ile ina mlango wake. Lazima ushinde kwenye mashindano ya wanaolipwa ndiyo upewe pointi, na pointi ya kwanza ndiyo inaingiza jina lako kwenye orodha ya dunia. Kabla ya hapo, hata upige mpira utoboe ukuta, wewe hujulikani.

Basi Masanja akasimama mikono nyuma, na ile sauti yake ya mwenyekiti wa kitongoji: "Kigali ndiyo mara ya mwisho. Ukirudi bila hiyo pointi, unaenda chuo cha uuguzi. Fomu hii hapa mezani."

Mimi nikasema, safari hii nitakwenda naye. Tukapanda basi, tukamchukua Laurenti njiani, tukafika Rusumo. Kijana wa uhamiaji akanitazama.

"Shikamoo bibi. Unakwenda kufanya nini Rwanda?"

"Marahaba. Nakwenda kucheza tenisi."

Akayaangalia magoti yangu. "Na huyu dada?"

"Huyu ananibebea mfuko."

Akagonga muhuri huku mabega yanamtikisika.

Siku ya mchezo nikakaa na Laurenti karibu na kale kageti ka kuingilia uwanjani. Kabula alipangwa na binti mmoja mrefu, mkono wake kama mwiko wa kusongea ugali wa msiba. Wakagawana, seti moja huku, seti moja kule. Kwenye ya tatu Kabula akatangulia, gemu tano kwa nne. Mimi sijui kuhesabu mahesabu yao, lakini Laurenti alinishika mkono, akaninong'oneza: "Mama, umebaki mpira mmoja. Akiupata huu, pointi ni yake."

Sasa nikueleze kitu, mwanangu, ujue ujinga wangu ulitoka wapi. Mimi nimezaliwa Shinyanga, na ujana wangu nilikuwa mcheza ngoma. Baada ya mavuno vikundi viwili vinacheza siku moja, saa moja, uwanja mmoja, na watazamaji wanakimbilia kwa anayewapendeza zaidi. Kwetu mchezaji akikolea hungoji amalize. Unaingia palepale unamtuza, unamfunga kanga kiunoni, na yeye ndiyo anazidi kuwaka. Mama yangu alinifanyia hivyo mara moja, mbele ya watu, na kikundi chetu kikawanyang'anya wenzetu watazamaji wote. Mpaka leo nikikumbuka kiuno kinataka kuamka, tatizo hakisikii tena amri.

Kabula akaupiga ule mpira. Akaupiga kona, mbali, yule mrefu anaukimbilia huku amekwisha kukata tamaa, hata mimi nisiyejua niliona haufiki. Nikainuka. Kageti nikakasukuma. Kanga mpya kabisa, vigelegele juu, moja kwa moja kwa mke mwenzangu nimtuze.

Mpira ulikuwa bado haujafa.

Mwamuzi kule juu kwenye kiti chake kirefu akasema neno lake moja la Kizungu, puani, kama mtu mwenye mafua. Laurenti akashika kichwa. Kumbe mtu akiingia uwanjani wakati wanacheza, mpira ule haupo, unarudiwa. Askari akanishika kiwiko: "Mukecuru, twende, twende." Bibi kizee, ndivyo alivyoniita, na siku ile jina lilinikaa. Kabula hakumbishia mwamuzi hata kidogo. Alinitazama mara moja, akapangusa uso, akarudi kwenye mstari wake.

Ule wa kurudia aliupiga kwenye wavu. Gemu ile ikaenda, na mbili zilizofuata zikaenda. Akatoka bila pointi.

Nje nilikuwa nalia. Akanishika bega yeye, mimi mkubwa. "Bibi, acha kulia. Hakuna mtu aliyewahi kunituza." Na ndani ya basi, tumeshapita Benaco na Laurenti ameshashuka, akasema: "Nyumbani usiseme. Baba atakugombeza, na wewe ni mama yake." Nikasema sawa. Haraka sana nilisema sawa, mwanangu. Hata hakumaliza sentensi.

Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo. La kanga lilikuwa la kutokujua.

Jumapili baada ya kanisa watu wakajaa uani. Jirani yetu Mama Shija, na ile sauti yake ya kuku aliyeona mwewe: "Haya, mchezaji wetu wa dunia amefungwaje huko?" Wote wakanigeukia mimi. Wanajua nikieleza kitu nakionyesha. Na mimi, badala ya kusema, nikainuka nikaigiza. Nikachukua mwiko nikawa Kabula. Nikapunga, nikakosa. Nikapunga, nikaupeleka kwenye wavu. Nikajishika kiuno, nikapumua kama ng'ombe aliyepandishwa mlima. Watu wakalala chini kwa kucheka. Masanja naye akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akasema taratibu, "Basi. Kesho tunajaza fomu."

Kabula alikuwa mlangoni. Akachukua ndoo akaenda kunywesha ndama. Hakunitazama vibaya. Hakunitazama kabisa.

Jumatatu asubuhi Laurenti akanipigia simu. Yeye kwa kawaida anapiga kelele, siku hiyo alisema polepole.

"Mama, umeshamweleza Masanja?"

"Bado, baba."

"Ningeweza kumweleza mimi. Lakini si mimi niliyeingia uwanjani. Yule binti anakutunzia heshima yako. Wewe yake umemtunzia wapi?"

Akakata. Mwanangu, nimeshagombezwa na wakwe, na mapadri, na mume akiwa amekunywa. Hakuna aliyenifikia kama yule mpishi.

Nikarudi uani. Masanja amekaa na fomu na kalamu, na Mama Shija hakosi, amekuja kuomba moto. Nikasema subirini, jana sikumaliza kuonyesha. Nikachukua kanga. Nikawa mimi. Nikakaa, nikainuka, nikapiga vigelegele, nikasukuma geti, nikakimbia na magoti yangu haya. Nikawa mwamuzi mwenye mafua. Nikawa askari: mukecuru, twende, twende. Mama Shija akacheka mpaka akashika ukuta. Masanja alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani.

"Mama. Ule mpira ulikuwa wa mwisho?"

"Wa mwisho. Angeupata, pointi yake. Na aliupata. Mimi ndiye niliyeuharibu, na jana nikamcheka mbele yenu."

Hapo Mama Shija akachukua moto wake akajiondokea mwenyewe, jambo ambalo sijaliona tena. Masanja akamwita Kabula.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, baba? Nimshitaki bibi?"

Masanja akaikunja ile fomu akaiweka juu ya kabati. Hakuichana, yeye si mtu wa kuchana karatasi. Akasema, "Tutaangalia tena baada ya mavuno," akatoka. Kwangu hakusema neno siku mbili, na nilistahili nne.

Pointi Kabula aliipata Kampala kabla mahindi hayajakauka. Mimi niliachwa nyumbani kama mbuzi aliyekula mbegu. Laurenti akapiga, kelele zake zimerudi: "Mama! Kabura ameshinda! Na hakuna aliyeingia uwanjani!" Bado ndiyo anaanza. Anafungwa mara nyingi kuliko anavyofunga, na fomu bado iko juu ya kabati.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayeanza kazi yako, ya mpira au ya sindano au ya jembe. Ukiharibu kazi ya mtu, liseme mwenyewe, mbele ya walewale wanaomlaumu, na usingoje upigiwe simu. Kukosea kwa kutokujua watu wanakusamehe. Ukinyamaza mwenzako akabebeshwa lako, hapo unakuwa umemwibia. Na mtu akikufichia aibu yako kwa upendo, usiichukue hiyo ruhusa ukalala nayo. Mrudishie upesi, maana yeye ndiye anayeilipia. Na ukiwa na kipaji cha kuchekesha kama mimi, angalia kwanza nani amesimama mlangoni.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe mikono isiyochoka na moyo usiokimbia kosa lake. Akupe watu wa kukushangilia, na awape hao watu akili ya kukaa kwenye viti vyao.