Kamera ya Kutupa

"Mbele zitoke, hizi picha zinakalaka fasi gani?" mama aliniuliza mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu pale Mbarara, akiigeuzageuza kamera kutafuta mahali picha zinapokaa kabla ya kutoka.

Kamera ilikuwa ya karatasi ngumu, ya filamu, ya kutumia mara moja na kutupa. Mgeni aliyetufundisha chuoni alimwachia kila mwanafunzi moja. Nilikwenda nayo nyumbani Juru, katika kambi ya wakimbizi, kwa mzaha: nani bado anapiga picha asizoweza kuziona? Lakini mama, aliyeikimbia simu yangu miaka yote, alijipaka mafuta, akaketi mbele ya shamba letu la maharage.

"Simu inatumaka sura yako kwa bale ulikimbia," alisema, akimaanisha wale tuliowakimbia kule Kivu. "Hii haina mudomo. Piga."

Nikapiga hadi filamu ikaisha.

"Sasa tunatupa?"

"Hapana, mama. Zimo ndani, zinangoja kusafishwa."

"Sawa mbegu?"

"Kama mbegu kabisa," nikasema, nikicheka.

Mbarara, mwenye studio alicheka zaidi. "Nyabo, dada yangu, hii iko kitu ya zamani. Peleka Kampala." Gharama aliyonitajia ingetununulia mbegu za msimu mzima. Mama akasema tuvune kwanza, kamera atanitunzia yeye.

Hakufika mavuno. Siku ya maziko, wanawake wa kanisa waliomba picha ya kuweka juu ya sanduku. Hatukuwa na hata moja. Za zamani zilibaki Kivu. Mmoja wao akavua kitenge chake, akakitandika mahali ambapo sura ingekaa.

Kamera niliikuta baadaye, juu ya mafiga, kwenye kopo lililoning'inia darini pale moshi unapofukuza wadudu. Ilikuwa imelala katikati ya maharage ya mbegu. Kitu cha kutupa, mama alikiweka pamoja na kile ambacho hatukuthubutu kula hata mwaka wa njaa.

Niliuza mavuno yake, nikapeleka filamu Kampala. Picha zilirudi zote ukungu, rangi ya chai. Katika moja nilidhani naona bega. Nimeigeuza mara nyingi, sidhani tena.

Yale maharage niliyapanda. Yaliota yote.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba wenye kuzijua filamu huziweka kwenye friji, kwa sababu joto huziharibu polepole, hata kama hakuna aliyezifungua.