Kidonge cha Presha kwa Mtu Asiye na Presha

Jamani, nyumba yetu ya Al Thumama, huku ughaibuni, ilikuwa na madaktari wengi kuliko hospitali. Aliyesomea kazi hiyo alikuwa mmoja tu, na huyo hakai kwetu.

Mume wangu ni dereva wa basi la wafanyakazi. Mwaka jana alikuwa anawapeleka kazini Lusail, lori likawagonga ubavuni. Yeye alitoka na michubuko. Abiria aliyekaa nyuma yake alifariki palepale. Tangu hapo mume wangu akilala anapiga kelele, anang'ang'ania shuka kama usukani, anaamka amelowa jasho na eisi inavuma baridi chumba kizima. Na mimi asubuhi nina vitanda vya hoteli vinanisubiri. Nilichoka, sifichi.

Daktari akampa kidonge cha presha. Nikauliza, cha nini, na mtu hana presha? Akatueleza kwamba dawa ile, ikinywewa wakati wa kulala, huutuliza mwili uliojaa mshtuko, ndoto mbaya zikapungua. Si wote inaowasaidia. Tena inaweza kushusha presha mtu akisimama ghafla akaanguka, ndiyo maana ataanza na kiasi kidogo na kuongezwa polepole, na asiguse usukani mpaka aruhusiwe. Akiiacha siku kadhaa, asirudie dozi ileile kwa kichwa chake, arudi kwanza kwa daktari.

Ilimsaidia. Nyumba ikawa kimya, nikalala mpaka nikaota mambo yangu mwenyewe.

Sasa, kwetu kila Ijumaa wanaume wakitoka msikitini wanakuja kula pilau, na rafiki yake mmoja, mlinzi, huja na kipimo chake cha presha. Wakishakula, kila mmoja anaweka mkono, anasomewa hukumu yake. Zamu ya mume wangu ilipofika, mlinzi akatangaza, "Shemeji, presha ya huyu safi kabisa! Madawa ya nini tena? Mwili utazoea bure!" Wote wakamuunga mkono. Nikasema, jamani, hakupewa kwa sababu ya presha. Nani amsikilize mwanamke aliyeshika upawa? Usiku ule mume wangu hakunywa kidonge. Wala kesho yake.

Kelele zikarudi. Nikamfokea wiki nzima, mpaka usiku mmoja akameza dozi yake kubwa ya zamani bila kumwambia mtu. Alfajiri akainuka haraka kuwahi swala. Nikasikia kishindo bafuni. Nilimkuta chini, paji la uso limepasuka, macho yamegeuka. Nilidhani nimekuwa mjane.

Alishonwa, na daktari akamrudisha kwenye kiasi cha mwanzo kabisa. Kwenye teksi ya kurudi nilikuwa na hasira hata kulia siwezi.

"Hivi umenioa mimi au umeoa kile kipimo? Ufe kwa maneno ya watu walioshiba pilau?"

Akatazama dirishani. "Mke wangu, si kipimo. Yule mtu huniita ndotoni. 'Dereva! Dereva!' Nikinywa dawa simsikii. Huku hakuwa na ndugu hata mmoja. Nikilala vizuri, nani atamwitikia?"

Hasira zote zikaniishia. Wiki nzima nilikuwa nagombana naye juu ya kidonge, na yeye hakuwahi kulisema hilo. Tulipofika nyumbani, usiku umeingia, nikamletea maji na dawa yake.

"Mwitikie mchana," nikamwambia. "Ukimaliza adhuhuri mwombee dua, mimi nitaitikia. Usiku mwache apumzike, na wewe upumzike."

Akameza. Alfajiri alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mpaka kichwa kikatulia, ndipo akasimama. Na adhuhuri ilipofika akanyanyua mikono kumwombea yule mtu, nami huko jikoni nikasema amina kwa sauti kubwa, asikie.