Kitambaa Kilichobaki Ndani

Mwalimu alimwalika rafiki yake, fundi cherehani, kwenye tamasha la sikukuu la kuchangia wodi ya watoto, kumbe mwenzake hakujali hata wimbo mmoja. Ukumbi mzima ulitazama midomo ya wanakwaya. Yeye alikodolea macho mishono ya majoho aliyowashonea, kidole gumba kikisugua cha shahada kana kwamba kinapapasa kitambaa. Mwimbaji mkuu alipoinua mikono, fundi akabana pumzi.

“Mwenzangu, unaogopa joho lake litachanika?” mwalimu alinong’ona.

“Lichanikie wapi? Mwaka huu nimelipunguza mara tatu.”

Mwalimu akamtazama mwimbaji upya, safari hii mabega.

“Na kitambaa kilichozidi ulikikata?”

“Nikate nini! Nimekikunja humo humo ndani. Akinenepa, nafumua.”